Toleo Lililorukwa

Asubuhi ambayo toleo la tisa la Igembe lilikuwa lipewe jina, Shija Lugendo alivaa shati lake jeupe la mikono mirefu, akalifunga mpaka kifungo cha shingoni, akashuka ngazi za chumba cha mitambo na daftari lake kwapani. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na minane kazi yake ilikuwa ni hiyo moja, kuandika na kutunza majina ya matoleo.

Fundi Nkwimba alikuwa ameshafika. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kola.

"Shikamoo, Mzee. Umevaa kama unaenda kuoa."

"Marahaba. Nilishaoa. Leo naenda kusajili."

"Basi msajili afute kiti, kina mafuta."

Shija alifuta kiti, akaketi mbele ya kioo cha mashine, akaandika jina la toleo jipya.

Huko Mgodini, watu mia mbili na kumi na wawili waliishi kwa mkono wa Igembe. Igembe ndiyo iliyozungusha feni, ndiyo iliyopandisha maji, ndiyo iliyofungua na kufunga milango ya chuma. Waasisi waliposhuka na familia zao kukimbia vumbi la moto lililokuwa linaua watu huko juu, walikuja na mfumo mmoja wa kompyuta, mjukuu wa ile Unix ya zamani, wakauita jina la jembe kwa lugha ya kwao. Waliupenda kwa sababu haukuwa na makuu. Ulikuwa na vijiprogramu vingi vidogo, kila kimoja kikijua kazi moja na kuifanya sawasawa. Na kila walipotengeneza toleo jipya, walilipa jina la mtoto mchanga aliyezaliwa karibu na siku hiyo. La kwanza lilikuwa Mihayo, la pili Nyamizi, la tatu Ndalahwa. La tano likawa Lushinge, kisha Wande, Mabula na Salu.

Hapakuwa na la nne. Ukiuliza, uliambiwa halikuwahi kuwapo.

Leo mtoto alikuwa Tungu, wa siku sita. Yeye na mama yake walikuwa Ukumbini pamoja na watu wengine, wamekaa kwenye mikeka, uji wa sherehe umeshapoa. Desturi ilikuwa Shija aandike jina, taa zizimike kwa muda wa kuvuta pumzi kumi wakati Igembe ikijiwasha upya, kisha zirudi, na akina mama wapige vigelegele. Milembe, mke wa Shija, ndiye aliyekuwa akimpakata mtoto kila sherehe.

"Safari hii utaona kitu kipya," Nkwimba alisema. "Yule mkaguzi wa uzao, ile programu niliyokuandikia habari zake. Nimemfufua kutoka kwenye kanda za waasisi. Kila toleo lina alama ya mzazi wake ndani, kama mtoto anavyobeba sura. Mkaguzi anarudi nyuma toleo kwa toleo hadi la kwanza. Akikuta mahali mtu alipochezea, anafunga kila kitu mpaka aelezwe."

Shija aliinua uso. "Uliniandikia lini?"

"Mwezi uliopita. Si uliweka sahihi mbele ya Baraza zima?"

Aliikumbuka karatasi hiyo. Aliletewa mbele ya watu, na miwani alikuwa ameiacha mfukoni kwa makusudi, kwa sababu hakupenda watu wamwone anaivaa. Alipitisha macho juu ya maandishi asiyoyaona, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akasaini.

"Ngoja kwanza," alisema. Lakini Nkwimba alikuwa ameshabonyeza.

Taa zilizimika. Shija alihesabu pumzi kumi, kisha ishirini. Kutoka mbali ukasikika mshindo wa chuma, ukafuata mwingine na mwingine, mlango baada ya mlango, hadi wa kwao nyuma ya mgongo wake. Feni ilipunguza mwendo, ikatulia. Ukimya ule hakuwahi kuusikia tangu utotoni.

Taa za dharura ziliwaka. Kwenye kioo palikuwa na maandishi makubwa kiasi cha yeye kuyasoma bila miwani.

TOLEO LA TANO, LUSHINGE. MZAZI ALIYEANDIKWA: NDALAHWA. ALAMA HAILINGANI. TAJA MZAZI.

*

Simu ya waya ililia. Alikuwa Milembe.

"Baba Limi, mmefanya nini huko? Mlango umetufungia na feni imekufa."

"Ni hitilafu. Mpo wangapi?"

"Thelathini na mmoja, mtoto akiwamo. Watu wameanza kutoa jasho."

Nkwimba alikuwa amesogeza sikio karibu na mkono wa simu. Waliosambaa kwenye mahandaki makubwa hawakuwa na shida, hewa ya mle ingewatosha siku mbili. Ukumbi ulikuwa jambo lingine. Zamani ulikuwa stoo ya baruti, umezibwa kila upande kwa saruji. Usalama wake ulikuwa mitungi ya hewa iliyosimamishwa ukutani, kila mmoja wa saa moja.

"Mwambie wahesabu mitungi," Nkwimba alinong'ona.

Milembe alimwita Wande, mwalimu wa chekechea, yule aliyezaliwa na toleo la sita. Baada ya muda mfupi alirudi kwenye simu. "Sita, yote mizima."

Nkwimba alishusha pumzi. Alivuta kiti, akaanza kueleza kwa vidole. Toleo la Ndalahwa na yaliyolitangulia yalikuwa safi, mkaguzi hakuyalalamikia. Basi wangeizima Igembe kabisa na kuiwasha kutoka toleo la tatu, kanda kwa kanda, kana kwamba yaliyofuata hayajawahi kuandikwa. Kazi hiyo ilihitaji saa tano na nusu, na mtungi wa sita ungewabakizia nusu saa mkononi.

"Anza," Shija alisema upesi.

"Hutaki kwanza tujue Lushinge ana tatizo gani? Anasema mzazi wake si Ndalahwa. Sasa ni nani?"

"Anza, mwanangu. Maswali yatasubiri hewa."

Alianza. Kanda ya kwanza ikanguruma. Shija alilegeza kifungo cha shingo, akaegemea ukuta. Alijiona kama mtu aliyekanyaga karibu na nyoka, na nyoka hakugeuka.

*

Zilipita dakika arobaini. Nkwimba alikuwa akipanga kanda mezani kwa zamu ya kuingia, akizigusa moja moja kwa kidole.

"Moja, mbili, tatu, tano, sita, saba..."

Shija alikitazama kile kidole. Palikuwa na kanda sita mezani, na kidole kilikuwa kimeishia kwenye saba.

Nkwimba mwenyewe hakugundua kitu. Kwenye karatasi angeandika nne bila kusita, shuleni walifundishwa hiyo kama tarakimu nyingine. Ila kwa mdomo haikutajwa. Desturi hiyo ilianza kwa woga, miaka thelathini na minne iliyopita, pale Baraza lilipotangaza kwamba hakuna toleo la nne na anayelitaja atajieleza. Mlango wa nne ukapigwa rangi ukaitwa wa tano. Watu wakaona salama zaidi kuliepuka neno lenyewe. Watoto wao wakarithi kuruka bila kuambiwa sababu, na sasa kila aliyekuwa chini ya miaka arobaini alihesabu hivyo, kama mtu anavyoruka ngazi iliyovunjika hata gizani.

Shija alinyakua simu.

"Mama Limi. Mwambie Wande ahesabu tena, kwa sauti, nisikie."

"Kuna nini?"

"Ahesabu tu."

Sauti ya Wande ilikuja kwa mbali, ya mwalimu, yenye uvumilivu. "Moja, mbili, tatu, tano, sita. Nilisema sita."

Milembe alikuwa mtu mzima wa kutosha, alikua na nne yake. Shija alisikia viatu vyake vikitembea hadi ukutani, vikatua mara tano, vikarudi.

"Ni mitano," alisema taratibu, kama anayeficha jambo kwa mgonjwa. "Baba Limi, ni mitano."

Nkwimba alikuwa amesimama na kanda mkononi. Alizitazama zile za mezani, akaanza upya kimyakimya, midomo ikicheza.

"Watapungukiwa nusu saa," alisema. "Wakubwa labda watavumilia. Mle kuna wazee wawili wenye kifua, hao hawatavumilia. Na mtoto..."

"Hatuwezi kuharakisha kanda?"

"Kanda haina haraka, Mzee. Njia nyingine ni moja tu, tujibu lile swali. Tumtaje mzazi wa Lushinge. Lakini nani anamjua?"

Simu ililia kabla hajajibu. Safari hii alikuwa Maganga, Mwenyekiti wa Baraza, kutoka ofisini kwake, penye hewa ya kumtosha.

"Shija. Nimeona swali kwenye kioo changu. Usilijibu."

"Ukumbini kuna mtoto wa siku sita."

"Namfahamu, ni mjukuu wa dada yangu. Sikiliza vizuri. Ukimtaja yule, mkaguzi atarudisha ruhusa zake zote, maana zilifutwa bila sahihi ya fundi wake. Lango la juu litafunguka kwa mkono wa yeyote. Mtu mmoja akili zikimruka anavuta komeo, na vumbi linashuka kwa watu mia mbili na kumi na wawili. Unataka kuokoa wachache kwa kuhatarisha wote?"

"Hujui kama vumbi bado lipo."

"Wala wewe hujui."

"Mimi nina siku kumi na mbili ninazozijua," Shija alisema.

Miaka thelathini na minne hakuna kati yao aliyewahi kuzitaja siku hizo. Sauti ya Maganga sasa ilikuwa ya upole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi.

"Na mkeo utamwambia nini?"

Simu ikakatika. Shija aliishika bado, kana kwamba kuna neno lingine ndani yake.

*

"Siku kumi na mbili za nini?" Nkwimba aliuliza.

Shija alitazama mlango wa chuma, akatazama kioo, akatazama ukuta. Hapakuwa na pa kutokea. Alifungua daftari kwenye ukurasa ambao karatasi yake ilikuwa nyeupe kuliko nyingine, kwa kuwa ilibandikwa baadaye.

"Toleo la nne lilikuwapo," alisema. "Liliandikwa na shemeji yangu, Kashindye, kaka yake Milembe. Alikuwa fundi hodari kuliko wote. Aliweka ruhusa moja ambayo waasisi hawakuiweka, kwamba mkazi yeyote aweze kufungua Lango la juu kwa mkono wake. Alisema mfumo usiokuruhusu kujifungulia mlango wa kutokea ni jela yenye taa. Baraza likamwambia aondoe, akakataa. Wakamtoa nje peke yake. Watu waliambiwa alikatwa na feni, na jeneza lilifungwa. Mimi niliandika upya ukurasa huu kutoka la tatu kwenda la tano, nikatia sahihi. Lakini Lushinge alijengwa juu ya kazi ya Kashindye. Hawakuwa na mtu wa kuanza upya."

"Liliitwa nani? Hilo la nne."

"Kalunde."

Nkwimba aliketi polepole juu ya sanduku la vyuma.

"Mama alikuwa akiniita hivyo," alisema. "Mwishoni, alipokuwa hoi kitandani. Nikadhani anamwita mtu mwingine. Aliniambia nilipokuwa mchanga nililia mno, wakanibadilisha jina ili ninyamaze."

"Hukulia. Ulikuwa mtoto mtulivu. Nilikuandika mwenyewe, na nikakufuta mwenyewe."

Kanda ilinguruma kati yao. Nkwimba alifuta mikono kwenye suruali, kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na mafuta.

"Utaandika wewe au niandike mimi?"

"Nitaandika mimi. Kwanza nampigia Milembe."

"Mzee, kila dakika wanakula hewa."

"Mlango ukishafunguka nitapata sababu ya kunyamaza. Najijua."

Milembe alipokea mara moja. Nyuma yake mtu alikuwa akikohoa, na Wande alikuwa akiwaimbisha watu wimbo wa chekechea kwa sauti ndogo.

"Mama Limi, Kashindye hakukatwa na feni."

Shija aliendelea upesi.

"Walimtoa nje ya Lango. Kule nje, ukutani, kulikuwa na mashine ya kupima hali ya hewa, ina vibonyezo. Kesho yake saa moja asubuhi, nikiwa zamu, liliingia neno moja kutoka kwenye mashine ile. Nipo. Siku ya pili hivyo hivyo. Asubuhi kumi na mbili aliandika neno hilo, na mimi nililifuta mara kumi na mbili."

"Halafu akafa," Milembe alisema.

Hapo ndipo angeweza kukubali. Neno lilikuwa limeshaletwa mdomoni pake.

"Sijui. Siku ya kumi na tatu niliambiwa niifute mashine ile kwenye orodha, ili inachotuma kisifike popote. Nikaifuta. Si yeye aliyeacha kuandika. Ni mimi niliyeacha kusikia."

Wimbo wa chekechea ulifika mwisho, ukaanza upya. Mtoto alilia kidogo, kilio chembamba kilichochoka.

"Fungua mlango, Shija," alisema mkewe.

Tangu mtoto wao Limi azaliwe, hakuwahi kumwita kwa jina lake.

*

Aliandika KALUNDE, herufi moja moja.

Mashine ilifikiri. Kisha ikatoa orodha, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne ilitoka nzima: Mihayo, Nyamizi, Ndalahwa, Kalunde, Lushinge, na wote waliofuata, hadi Tungu. ALAMA ZINALINGANA. Komeo nyuma yake liliruka. Feni ilijikohoza, ikaanza kuzunguka, na upepo baridi ukampiga kwenye shingo yenye jasho. Kutoka juu walisikia sauti za watu, hazikuwa vigelegele.

"Mzee," Nkwimba alisema. "Bado inaandika."

Chini ya orodha palikuwa na mistari mingine.

LANGO LA JUU: RUHUSA KWA WAKAZI WOTE. MASHINE YA LANGONI: IMETAMBULIWA. UJUMBE ULIOSUBIRI: 5,107.

Shija aliisoma tarakimu ile mara mbili. Alijaribu kuigawa kwa siku za mwaka, ikamponyoka. Nkwimba aliigawa kwa ajili yake, kwenye karatasi.

"Miaka kumi na minne," alisema. "Kama ni mmoja kila siku."

Watu waliteremka ngazi. Waliotangulia walisimama mlangoni, na nyuma yao wengine wakajaa, wamelowa jasho, mama yake Tungu akiwa na mtoto kifuani. Hakuna aliyeuliza. Wale waliokuwa karibu na simu Ukumbini walikuwa wameshawaambia waliokuwa mbali. Walipisha njia, Milembe akapita. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kanga yake ilikuwa imekauka chumvi ya jasho mabegani. Hakumtazama mumewe. Alitazama kioo.

"Hayo ni ya kwake?"

"Ndiyo."

Alivuta kile kiti cha pili, akaketi, akakunja mikono. "Soma."

"Mengi yatakuwa neno lile lile, Mama Limi."

"Nimesikia. Soma."

Maandishi yalikuwa madogo. Shija alisimama mbele ya watu wale wote, akaingiza mkono mfukoni, akatoa miwani yake yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, akaivaa.

"Siku ya kumi na tatu," alisoma. "Nipo."

Aliteremsha kidole mstari mmoja. "Siku ya kumi na nne. Nipo. Nimepata kivuli."

"Endelea."

"Siku ya kumi na tano. Nipo. Siku ya kumi na sita. Nipo. Jana vumbi, leo kweupe." Akashuka mstari mwingine. "Siku ya kumi na saba. Nipo. Mvua imenyesha."

Vijana wengi mle ndani hawakuwahi kuona mvua. Kisha mtu mmoja wa nyuma aligeuka, akaanza kupanda ngazi. Akafuatwa na wa pili. Wande alisimama kidogo, midomo yake ikihesabu kitu, halafu naye akaenda. Nkwimba aliwatazama wakielekea Langoni, akamtazama Shija.

"Nenda," Shija alimwambia. "Nenda kaangalie, Kalunde. Mshike mkono atakayetaka kuvuta komeo kwa pupa, mfungue Lango kidogo kwanza."

Alikwenda, na waliobaki wakamfuata. Chumba kilibaki na watu wawili, na mlango ulikuwa wazi nyuma yao, upepo ukiingia. Shija alilitamani lile giza la ngazi kama maji. Alisikia nyayo zikififia kuelekea juu, na hakuwa mmoja wao. Kidole chake kilishuka taratibu kwenye kibonyezo cha kupelekea ukurasa mbele. Alitaka kuona wa mwisho tu, ajue uliandikwaje, kisha apumzike.

Milembe aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Haukuwa mkono wa upendo wala wa hasira. Ulikuwa mzito tu.

"Usiruke," alisema. "Hata mmoja."

Shija alirudisha kidole. Alisogeza miwani juu ya pua, akavuta pumzi.

"Siku ya kumi na nane," alisoma. "Nipo. Shemeji, kama zamu ni yako, msalimie dada yangu."